Karakana na Jukwaa: Uhakiki wa Kipindi cha Project Runway

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kukuta humu uhakiki wa riwaya, wa tenzi na wa tamthilia. Huenda akashangaa kuona safari hii nafasi imetolewa kwa kipindi cha televisheni cha Kimarekani, tena cha mashindano ya ubunifu wa mavazi. Tunamwomba atuvumilie. Kipindi chenyewe, Project Runway, kilianza kuonyeshwa nchini Marekani mwezi wa Desemba 2004, na kufikia mwaka 2025 kilikuwa kimetimiza misimu 21. Kazi iliyodumu zaidi ya miaka 20, yenye umbo lisilobadilika sana, na yenye hadhira inayozijua kanuni zake kwa moyo, imekwisha kuwa utanzu. Na palipo na utanzu, mhakiki ana haki ya kubisha hodi.

Umbo hilo ni jepesi kulieleza. Wabunifu wa mavazi, ambao katika msimu wa kwanza walikuwa 12, hukusanywa mahali pamoja, kwa kawaida mjini New York. Kila wiki hupewa zoezi, hupewa kiasi fulani cha fedha, hupelekwa dukani kununua vitambaa, kisha hufungiwa karakanani kwa siku moja au mbili. Muda ukiisha, wanamitindo huvaa kazi zao na kupita jukwaani mbele ya waamuzi. Katika misimu ya mwanzo waamuzi wa kudumu walikuwa watatu: Heidi Klum, mwanamitindo mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa pia mwenyeji wa kipindi, Michael Kors, mbunifu mwenye chapa ya jina lake, na Nina Garcia wa gazeti la Elle. Kila wiki mmoja hushinda na mmoja, kwa kawaida, hufukuzwa. Wanaosalia mwishoni huandaa mkusanyiko mzima wa mavazi na kuuonyesha katika Wiki ya Mitindo ya New York.

Kipindi, basi, kina vyumba viwili. Cha kwanza ni karakana: meza ndefu, cherehani, mikasi, pini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Cha pili ni jukwaa: taa, viti vya waamuzi, na Bi Klum akimuaga aliyeshindwa kwa busu na kwaheri ya Kijerumani. Watazamaji wengi hukumbuka na kujadili jukwaa. Sisi tunashikilia kwamba thamani ya kipindi imo karakanani, na kwamba jukwaa ni mfano wa uhakiki ambao wanafunzi wetu wanaujua mno na ambao hauwasaidii.

Tuanze na zoezi la kwanza kabisa. Wabunifu hawakupelekwa kwenye duka la vitambaa. Walipelekwa kwenye duka la vyakula, Gristedes, kila mmoja na dola 50, wakaambiwa watoke na malighafi ya vazi la kike la matembezi ya usiku. Austin Scarlett alichukua mahindi mabichi, akatumia maganda yake, akayashona yakawa gauni. Ganda bichi la hindi lina mistari, lina mng'ao, na hukubali kukunjwa. Lakini likianza kukauka hujikunja na kusinyaa. Anayeyajua mahindi (na ni nani miongoni mwa wasomaji wetu asiyeyajua?) ataona mara moja uzuri wa uchaguzi huo na hatari yake. Gauni hilo lilishinda.

Tuseme jambo hapa kuhusu ilhamu, neno ambalo wanafunzi wa fasihi hupenda kulitumia kana kwamba ni mgeni anayeshuka kutoka mbinguni wakati mshairi amekaa kimya. Katika zoezi la Gristedes hakuna aliyekuja na maganda ya mahindi kichwani. Wazo lilizaliwa mbele ya rafu, saa ikienda, fedha zikihesabiwa. Masharti hayakuwa kizuizi kilichosimama kati ya mbunifu na wazo lake. Masharti ndiyo yaliyolileta.

Tujihadhari, hata hivyo, na kudhani kwamba masharti huleta ubunifu yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 2008, mwanzoni mwa msimu wa tano, watayarishaji walirudia zoezi lile lile, na Scarlett akaalikwa kuwa mmoja wa waamuzi. Safari hii washindani kadhaa walikimbilia vitambaa vya meza. Kwa nini? Kwa sababu kitambaa cha meza tayari ni kitambaa. Hukatwa na kushonwa kama kingine chochote, na zoezi linakuwa limekwepwa huku likionekana limetimizwa. Tim Gunn, mlezi wa washindani, ambaye tutamrudia, hakuficha kwamba jambo hilo lilimvunja moyo. Aliyeshinda, Kelli Martin, alikuwa ametumia mifuko ya mashine ya kufyonza vumbi pamoja na karatasi za kuchujia kahawa.

Tofauti ya kitambaa cha meza na karatasi ya kahawa ni tofauti ambayo kila aliyesoma mashairi ya Kiswahili ameiona, hata kama hakuipa jina. Utenzi humtaka mtunzi mizani nane katika kila kipande, vina vitatu vinavyopatana ndani ya ubeti, na kina cha nne kinachofunga utungo mzima. Yuko mtunzi anayepungukiwa na mizani mbili akatia neno la kujazia: «kweli», «hakika», «nawambia». Mizani imetimia, zoezi limekwepwa. Yuko mwingine ambaye upungufu huo huo wa mizani mbili unamlazimisha kulitafuta neno ambalo asingelifikiria kamwe, na neno hilo linageuza maana ya ubeti. Wote wawili wametii sheria. Ule mjadala mkali wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru, uliowashwa hasa na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, kwa maoni yetu ulipoteza nguvu nyingi ukiuliza kama vina na mizani ni lazima. Swali zito zaidi lilikuwa hili: mtunzi hufanya nini na sharti pindi linapombana? Project Runway, pasipo kukusudia, huliuliza swali hilo kila wiki.

Hapa msomaji wa Kongo ana haki ya kutukatiza. Sisi, atasema, hatuhitaji Mmarekani atufundishe kushona nguo kwa maganda. Nchi nzima imeishi kwa kifungu cha 15, kile ambacho simulizi hukihusisha na katiba ya Kasai ya Kusini ya mwaka 1960 na ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimeandikwa: jitafutieni wenyewe njia. Mama anayeuza mikate huku akisomesha watoto watano hupewa zoezi la Gristedes kila asubuhi, wala hakuna anayempigia makofi. Je, kuyasifu masharti kama chemchemi ya ilhamu si kuusifu umaskini?

Pingamizi hili ni zito na hatutaki kulipita kwa haraka. Ni kweli kwamba uhaba wa kipindi ni mchezo. Mbunifu anayehangaika na karatasi za kahawa ana cherehani inayofanya kazi, umeme usiokatika, chakula, mahali pa kulala, na wiki ijayo, kama hakufukuzwa, huenda akapelekwa Mood, duka la vitambaa la mtaa wa 37 ambalo kipindi kimelipatia jina kubwa. Umenyimwa kitu kimoja ili vingine vyote vikusaidie. Uhaba wa kweli hunyima vyote kwa pamoja. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, akiwa kifungoni nchini Kenya, akiandika kwenye karatasi za msalani. Hatuwezi kusema kwamba gereza lilimpa ilhamu kama duka la vyakula lilivyompa Scarlett. Mshairi yule alikuwa na ilimu ya mashairi tangu utotoni, aliyoipata kwa wazee wake. Gereza lilikuta mtu aliyekwisha kuiva. Lingemkuta asiyejua mizani, tungepata nini?

Kwa hiyo jibu letu ni hili: sharti huzaa pale tu ambapo kuna kitu cha kuzalia, yaani ujuzi, vyombo, muda na mtu wa kukusikiliza. Anayewaambia wanafunzi wake «fanyeni hivyo hivyo, jitafutieni» pasipo vitabu na pasipo mwalimu, kisha akajitetea kwa kusema kwamba uhaba ni mama wa ubunifu, amechanganya mambo mawili ambayo kipindi hiki, kwa bahati, kinatusaidia kuyatenganisha.

Kinatusaidia hasa kupitia Tim Gunn. Bwana huyu alifundisha kwa miaka mingi katika shule ya ubunifu ya Parsons, New York, na kipindi kilipoanza alikuwa mkuu wa idara ya mitindo hapo. Kazi yake katika kipindi ilikuwa kupita karakanani kazi zikiwa bado hazijakamilika, akasimama mbele ya kila meza, akatazama na kuuliza. Maneno yake yaliyopata umaarufu, ambayo kwa Kiswahili tungeyasema «ifanye ifae», hudhaniwa na wengi kuwa kelele za kuhimiza tu, ndugu wa kifungu cha 15. Mwenyewe ameeleza asili yake, na asili hiyo ni ya darasani. Mwanafunzi ambaye kazi yake imekwama hutaka kuitupa na kuanza upya. Gunn alimkatalia: aitazame ile ile iliyokwama, atambue hasa ugonjwa uko wapi, kisha apendekeze dawa. Kutupa ni rahisi na hakufundishi kitu, kwa sababu kosa lisilotambuliwa hurudi katika kazi inayofuata.

Tazama jinsi anavyosema. Mara chache husema «hii ni mbaya». Huuliza: unataka mtu aone nini kwanza? Urefu huu umeuchagua au umekutokea? Husema kwamba ana wasiwasi, na huutaja wasiwasi wenyewe, kisha humwachia mwenye kazi uamuzi. Wengi hawamsikilizi, na baadhi yao hufanya vizuri kutomsikiliza. Hilo nalo ni sehemu ya uzuri wa jambo: uhakiki wa karakanani hauna amri. Nguvu yake ni kwamba umefika wakati mkasi bado uko mkononi.

Sasa twende jukwaani. Waamuzi wanaona vazi kwa mara ya kwanza likiwa limekwisha. Hawajui lilipita wapi. Lugha yao ni ya hukumu, na kwa kuwa ni televisheni, ni ya vichekesho pia. Kors hasa alikuwa na kipaji cha tashbihi za kuumiza, ambazo mtazamaji hucheka na mbunifu hukumbuka. Hatusemi kwamba hukumu zao zilikuwa za kipumbavu. Mara nyingi zilikuwa sahihi, na Garcia alikuwa na jicho kali la kutofautisha vazi na igizo la vazi. Lakini hukumu sahihi iliyochelewa haimfai aliyefukuzwa, maana hana wiki ijayo ya kuitumia. Isitoshe, majina yanayopita mwishoni mwa kipindi, kwa herufi ndogo zisizosomwa na mtu, katika misimu ya mwanzo yalikiri kwamba maamuzi ya ushindi na ya kufukuza yalifanywa na waamuzi kwa kushauriana na watayarishaji. Tunachokiona, basi, si uhakiki mtupu. Ni uhakiki ulioshonewa ndani ya hadithi, na hadithi ina mahitaji yake: inataka mbaya wake, inataka kilio, inataka mtu wa kumkumbuka wiki ijayo.

Mfano unaouma zaidi ni wa msimu wa tatu, mwaka 2006. Zoezi lilikuwa kuwavisha wanawake wa kawaida, na wanawake hao walikuwa mama na dada za washindani wenyewe. Kila mbunifu akamvisha ndugu wa mwenzake. Jeffrey Sebelia alipata mama wa mshindani ambaye hawakuelewana. Mama yule hakulipenda vazi, wakajibizana, naye akaishia kulia karakanani. Sebelia hakufukuzwa, na mwisho wa msimu ndiye aliyetangazwa mshindi. Katika mila zetu, mtu anayemliza mama wa mwenzake mbele za watu ana kesi ya kujibu, awe fundi kiasi gani. Lakini tuweke maadili kando kwa muda na tuongee ufundi peke yake. Zoezi lile lilikuwa na sharti moja la kweli kuliko masharti yote ya maganda na karatasi: mwili wa mtu mzima aliye hai, mwenye kiuno chake, umri wake na maoni yake. Fundi wa Lubumbashi anayeshona kitenge hawezi kukwepa sharti hilo hata siku moja. Mteja atarudi, atasimama mlangoni, atainua mkono kuonyesha kwapa linapobana. Kipindi kilichozoea wanamitindo wembamba na walionyamaza kilishtuka kukutana na mvaaji anayesema.

Christian Siriano, mshindi wa msimu wa nne mwaka 2008, ndiye tunayedhani alilielewa somo hilo kuliko wengine, ingawa alilijibu miaka mingi baadaye na nje ya kipindi. Mwaka 2016 mchekeshaji Leslie Jones, mwanamke mrefu mwenye mwili, alilalamika hadharani kwamba hakuna mbunifu aliyetaka kumvisha kwa ajili ya uzinduzi wa filamu yake. Siriano alijitokeza, akamshonea gauni jekundu. Mwaka 2019, Gunn na Klum wakiwa wamekwisha kuondoka, yeye ndiye aliyechukua nafasi ya mlezi karakanani. Mwanafunzi amekuwa mwalimu, jambo ambalo si wengi wa wale waliong'ara jukwaani wameliweza.

Watayarishaji wenyewe walihisi pengo kati ya vyumba viwili. Katika msimu wa 12, mwaka 2013, walileta mabadiliko. Mavazi yalianza kupita jukwaani bila waamuzi kuambiwa nani kashona nini, hatua ambayo itawafurahisha wale wanaofundisha kwamba kazi isomwe bila mtunzi wake. Na Gunn alipewa haki ya kumwokoa mshindani mmoja aliyefukuzwa, mara moja tu katika msimu. Alimwokoa Justin LeBlanc, mbunifu kiziwi, ambaye baadaye alifika hadi Wiki ya Mitindo. Tunaona mabadiliko haya yanavutana: la kwanza linamficha mtu ili kazi ihukumiwe peke yake, la pili linakiri kwamba aliyeiona kazi ikizaliwa anajua kitu ambacho macho ya jukwaani hayakioni. Sisi tunaegemea la pili.

Twaegemea la pili kwa sababu ya yale yanayotokea katika vyuo vyetu. Mwanafunzi wa Kiswahili huandika kazi yake ya kumaliza masomo kwa miezi mingi, mara nyingi peke yake, huku mwalimu msimamizi ana wanafunzi wengi kupita kiasi. Siku ya utetezi huvaa suti, husimama mbele ya jopo, na kwa mara ya kwanza husikia kwamba sura yake ya pili haina hoja. Jopo lina haki. Lakini sura ya pili ingeweza kuponywa mwezi wa tatu, na sasa imekwisha kujaladiwa. Washairi wetu chipukizi ndio wenye hali mbaya zaidi, kwa kuwa hata jukwaa hawana. Na bado mapokeo ya Kiswahili yalikuwa na karakana yake: malumbano ya washairi wa Mombasa na Lamu katika zama za Muyaka bin Haji, ambamo utungo ulijibiwa kwa utungo, na jibu lilimrudisha mtunzi mezani siku iyo hiyo.

Kuhusu zawadi tutasema machache. Jay McCarroll, mshindi wa kwanza, alikataa dola 100,000 alizopewa, kwa sababu mkataba uliwapa watayarishaji asilimia 10 ya kazi zake za baadaye. Wala njia ya jukwaa si ya pekee. Mwezi wa Mei 2020 Anifa Mvuemba, binti wa wazazi Wakongomani aliyekulia Marekani, alionyesha kupitia Instagram mkusanyiko wake uitwao Pink Label Congo, mavazi yakitembea yenyewe kwa ufundi wa kompyuta bila miili ndani yake, na akautanguliza kwa picha za migodi ya nchi hii. Hakungoja waamuzi.

Kwa wenzetu wanaofundisha uandishi na uhakiki, tunapendekeza zoezi moja, nalo halihitaji zaidi ya televisheni na saa mbili. Sehemu ya Gristedes ya mwaka 2004 ionyeshwe darasani hadi pale Gunn anapomaliza kupita kwenye meza, kisha isimamishwe. Kila mwanafunzi achague vazi moja ambalo halijakamilika, aandike kwa Kiswahili ukurasa mmoja akimweleza mbunifu ni nini kinachokwama na kifanyweje, pasipo kutumia maneno «zuri» na «baya». Kurasa zisomwe kwa sauti, wajibizane. Jukwaa waonyeshwe baadaye, kama umeme ungalipo.